Kwa Nini Tufe la Boling Hupinda

Katika mchezo wa boling, unaopendwa sana nchini Marekani, mchezaji huviringisha tufe zito juu ya njia nyembamba ili liangushe pini 10 zilizopangwa kwa umbo la pembetatu. Kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele ni meta 18.29, na upana wa njia ni meta 1.05 hivi. Mtazamaji mgeni hustaajabu kuona kwamba mchezaji hodari halengi pini hiyo moja kwa moja. Hulielekeza tufe ukingoni, nalo, likiisha kupita sehemu kubwa ya safari, hukata kona na kurudi katikati.

Sababu yake yaanzia katika jiometri. Tufe zito kabisa linaloruhusiwa lina kilo 7.26, na pini moja ina kilo 1.6 hivi. Ingawa tufe limeizidi pini zaidi ya mara nne, kila pini inayogongwa hulisukuma kando kidogo. Ili lisiyumbishwe kabla ya kuifikia pini ya tano, iliyojificha katikati ya kundi, yafaa liingie baina ya pini ya kwanza na ya tatu (kwa mtumiaji wa mkono wa kulia) kwa pembe ya nyuzi 6 hivi. Mwanafunzi na achore pembetatu yake: kwa mstari ulionyooka ndani ya njia, pembe haifiki hata nyuzi 2. Anayetaka nyuzi 6 kwa mstari kama huo itambidi asimame karibu meta 2 kando, yaani katika njia ya jirani yake!

Hana budi, basi, kulipindisha tufe, na kani ya kulipindisha hutoka katika msuguano. Njia hupakwa mafuta mepesi, aghalabu katika meta 12 za mwanzo. Zilizobaki ni kavu. Tuseme tufe linasafiri kwa meta 8 kwa sekunde, huku vidole vimelizungusha kiupande mara 300 kwa dakika. Kwa kuwa nusu kipenyo chake ni sentimeta 10.8, uso wake unazunguka kwa meta 3.4 hivi kwa sekunde. Lakini juu ya mafuta kizio cha msuguano ni kama 0.04 tu, kwa hiyo tufe huteleza na mzunguko wake karibu wote huhifadhiwa. Ni sawa na gurudumu la lori lililokwama matopeni wakati wa masika: lazunguka bure, hata ligusapo ardhi kavu ndipo linaposhika na kulirusha gari mbele. Penye ukavu kizio hupanda hadi 0.2 hivi, na tufe hupinda. Kuteleza kukiisha kabisa, tufe hubiringika tu, wala halipindi tena.

Hapo kemia ikaingia, na ugomvi pamoja nayo. Mwaka 1973 Don McCune alililoweka tufe lake la plastiki katika kiyeyusho, uso ukalainika na kushika njia vizuri zaidi; mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa chama cha wachezaji wa kulipwa. Je, ilikuwa ustadi au hila? Kanuni hazikuwa zimekataza jambo hilo. Baadaye wasimamizi waliweka kiwango cha chini cha ugumu wa uso. Hata hivyo viwanda vilileta matufe ya poliyurethini katika miaka ya 1980, na ya resini katika miaka ya 1990, yanayoshika kuliko yale yaliyolowekwa. Ndani yake hutiwa kiini kizito kisicho cha mviringo kamili, hata mhimili wa mzunguko ukahama polepole na sehemu mpya ya uso, isiyo na mafuta, ikagusa njia kila mara.

Uso wa resini hunyonya mafuta. Kila tufe lipitapo huondoka na kiasi chake, na njia iliyofaa katika mchezo wa kwanza hulipindisha tufe kupita kiasi katika wa tatu. Mafuta hayo ni vigumu kuyaona kwa macho. Mchezaji huyasoma katika mpindo wa tufe lililotangulia, kisha husogeza miguu yake ubao mmoja au miwili kabla ya kutupa tena.