Sinagogi Jipya la Berlin

Katika somo la leo nitawaeleza habari za nyumba moja ya ibada iliyojengwa kwa fahari, ikaharibiwa, kisha ikatengenezwa sehemu tu. Mwisho tutaona kwa nini haikutengenezwa yote.

Kwanza, sinagogi ni nini? Ni nyumba ya Wayahudi ya kusalia na kusomea Torati, kama msikiti ulivyo kwa Waislamu na kanisa kwa Wakristo. Sinagogi hili liko Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, katika barabara iitwayo Oranienburger Straße.

Sinagogi la zamani la mji huo lilifunguliwa mwaka wa 1714. Lilikuwa uani, nyuma ya nyumba nyingine, hata mpita njia hakuliona. Wayahudi walipozidi kuwa wengi walijenga jingine, na safari hii wakaliweka kando ya barabara, mbele ya macho ya watu wote. Aliyechora ramani ni Eduard Knoblauch. Alipougua, kazi iliendelezwa na Friedrich August Stüler. Lilifunguliwa Septemba 1866, nalo lilikuwa na nafasi ya watu 3,200. Kuba lake lilinakshiwa kwa dhahabu, kwa kufuata mfano wa majengo ya Waislamu wa Hispania ya kale. Msikilizaji wa pwani akiiona picha yake huenda akadhani ni msikiti. Mwaka wa 1930 mtaalamu maarufu Albert Einstein alipiga fidla humo.

Mwaka wa 1933 Hitler na chama chake cha Nazi walishika serikali, wakaanza kuwanyang'anya Wayahudi haki zao moja baada ya moja. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, wafuasi wa chama walichoma masinagogi nchi nzima na kuvunja maduka ya Wayahudi. Polisi waliamriwa wasiwazuie. Wazima moto nao waliambiwa walinde nyumba za jirani tu.

Katika Oranienburger Straße pia moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Lakini polisi wa kituo cha karibu, ambacho mkuu wake alikuwa Wilhelm Krützfeld, waliwafukuza wachomaji. Walisema kuwa jengo lile linalindwa kwa sheria kwa ajili ya thamani yake. Wazima moto wakaitwa, wakauzima moto. Fikirini jambo hili: serikali yenyewe ilikuwa upande wa wachomaji, na sheria ile ya zamani ilikuwa maandishi tu. Ilipata nguvu kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kuisimamia.

Jengo likaokoka usiku ule, lakini watu wake wengi hawakuokoka. Mwaka wa 1933 Wayahudi wa Berlin walikuwa 160,000 hivi. Zaidi ya 50,000 kati yao waliuawa. Sinagogi lenyewe lilitwaliwa na jeshi mwaka wa 1940, likafanywa ghala. Novemba 1943 likapigwa mabomu na ndege za Waingereza. Baada ya vita lilikuwa upande wa Berlin ya Mashariki, na mwaka wa 1958 ukumbi wake mkuu ukabomolewa.

Kazi ya kulitengeneza ilianza mwaka wa 1988, miaka 50 baada ya usiku ule wa moto. Mwaka wa 1989 mafundi walikuta chini ya kifusi taa ya milele, ile inayowashwa daima mbele ya Torati. Mei 1995 jengo likafunguliwa, nalo sasa ni nyumba ya makumbusho yenye chumba kidogo cha sala. Kuba linang'aa tena. Lakini ukumbi haukujengwa. Mahali pake ni kiwanja kitupu, na alama ardhini zinaonyesha kuta zilipopita.

Kama ukumbi ungejengwa upya wote, mgeni angeweza kwenda zake akidhani hakuna lililotokea. Akiona mbele kuba na nyuma uwanja mtupu, atauliza, "Watu 3,200 wa kukaa hapa wako wapi?" Swali hilo ndilo lililohifadhiwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini Wayahudi walitaka sinagogi lao lionekane barabarani?

2. Sheria ina nguvu gani pasipo watu wa kuisimamia?

3. Katika mji wenu, ni jengo gani la kale mngelihifadhi, na lingewafundisha nini watoto wenu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.