Usikilizaji wa Redio ya Masafa Mafupi na Ushahidi wa Lugha

1. Utangulizi

Uraibu wa kusikiliza redio ya masafa mafupi una sifa moja inayoutofautisha na usikilizaji wa kawaida. Msikilizaji wa kawaida hufungua redio ili apate habari au muziki, na akishapata hajali sauti imepitia wapi. Mraibu wa masafa mafupi husikiliza mambo mawili kwa pamoja: yale yanayosemwa, na njia ambayo sauti imepitia hata ikamfikia. Kituo dhaifu cha mbali, kinachosikika kwa dakika kumi kisha kikazama katika mivumo, chaweza kumpa furaha kubwa kuliko kituo cha mjini kinachosikika wazi mchana kutwa.

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya uraibu huo, na kuonyesha kwamba kanuni zake zina manufaa kwa mtaalamu wa lugha. Kwa miongo kadhaa Kiswahili kilichotangazwa kutoka nchi za nje kilisafiri zaidi kwa njia hii: kutoka Cairo tangu 1954, London tangu 1957, Peking tangu 1961 na Ujerumani tangu 1963. Wako wasikilizaji waliorekodi matangazo ya aina hiyo kwenye kanda, na kanda hizo ni hazina. Lakini anayetaka kuzitumia kama ushahidi hana budi kujua kwanza kwamba mawimbi huitenda nini sauti ya binadamu.

2. Njia ya mawimbi

Redio ya masafa mafupi hutumia mawimbi yenye urefu wa kati ya mita 100 na mita 10, yaani kilohezi 3,000 hadi 30,000. Mwanzoni mwa karne ya 20 mawimbi mafupi hayakuthaminiwa. Ilidhaniwa kwamba kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo linavyofika mbali, na kwa sababu hiyo sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaachia wapenzi wa redio mawimbi yasiyozidi mita 200, kana kwamba ni makombo. Dhana hiyo ilivunjwa na wapenzi hao wenyewe. Mwezi wa Desemba 1921 ishara zao kutoka Amerika zilinaswa Ardrossan, Scotland. Na Novemba 1923 Léon Deloy wa Ufaransa aliwasiliana na Fred Schnell wa Marekani, wakitumia mawimbi ya takriban mita 100.

Sababu iko angani. Mwaka 1902 Heaviside na Kennelly, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kwamba juu ya dunia kuna tabaka la hewa lenye chembe za umeme linaloweza kurudisha mawimbi ya redio chini. Kuwapo kwake kulithibitishwa na Edward Appleton mwaka 1924, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Leo sehemu hiyo ya anga huitwa ionosfia, na inajulikana kuwa ina matabaka kadhaa yanayotegemea jua. Tabaka la chini hujengeka mchana na kumeza mawimbi marefu kiasi, kama yale ya mita 49. Usiku hutoweka, na mawimbi hayo hupata njia ya kwenda mbali. Mawimbi mafupi zaidi, kama yale ya mita 16 na mita 13, hulipenya tabaka hilo mchana na kurudishwa na tabaka la juu. Lakini usiku, tabaka hilo linapopungua nguvu, aghalabu huchomoka na kupotelea angani. Ndiyo maana mraibu huhamahama: mchana huanzia bendi za mita 19 na 16, na jua likituchwa hushuka hadi mita 41 na 49.

Hali hii huzaa jambo linalomshangaza mgeni. Wimbi linaloruka kutoka kwenye mnara hadi angani na kurudi huacha katikati eneo la ukimya. Kituo kimoja chaweza kusikika vizuri mahali palipo kilomita elfu mbili, kisisikike kabisa mahali palipo kilomita mia tatu. Zaidi ya hayo, nguvu za jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 11, na usikivu wa dunia nzima hubadilika pamoja nazo.

3. Taarifa ya usikivu

Kilele cha uraibu huu ni taarifa ya usikivu, ambayo msikilizaji hukipelekea kituo ili naye atumiwe kadi ya uthibitisho, maarufu kwa herufi QSL. Taarifa inayokubalika hutaja tarehe, saa, kipimo cha kilohezi, aina ya redio na antena, pamoja na yaliyomo katika kipindi. Haitoshi kuandika kwamba kulikuwa na habari na muziki. Yatakiwa mambo mahususi ambayo asiyesikiliza asingeweza kuyabuni.

Ubora wa sauti huelezwa kwa tarakimu tano ziitwazo SINPO, kila moja ikianzia 5, iliyo bora, hadi 1. Ya kwanza hupima nguvu ya mawimbi, ya pili mwingiliano wa vituo vingine, ya tatu makelele, ya nne msukosuko wa njia kama vile kufifia, na ya tano hutoa hukumu ya jumla. Anayeandika 4 3 4 2 3, kwa mfano, anasema kwamba kituo kilikuwa na nguvu, kilisumbuliwa kiasi na jirani yake, hakikuwa na mikwaruzo mingi, ila kilififia sana, na kwa jumla kilisikika kwa wastani. Jambo la kutazama hapa ni kwamba kasoro hutenganishwa. Neno “haikusikika vizuri” halikubaliki, kwa sababu halisemi nini kiliharibu nini.

Suala la saa nalo lataka uangalifu. Taarifa huandikwa kwa saa za kimataifa, na msikilizaji wa Nairobi au Mombasa hukaa baina ya hesabu tatu. Saa 15.00 za kimataifa ni saa 18.00 za Afrika Mashariki, na kwa Kiswahili ni saa 12 jioni. Tarehe huleta tatizo kubwa zaidi. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili wa pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Daftari lililoandikwa “Ijumaa usiku, saa nne” laweza basi kuwa na maana mbili zinazopishana kwa siku nzima. Mtafiti atakayelisoma baada ya miaka arobaini atahitaji kujua mwenyewe alihesabu vipi.

4. Utata wa neno masafa

Yafaa sasa kulichunguza jina lenyewe. Neno masafa lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na maana hiyo ingali hai: husemwa mbio za masafa marefu na makombora ya masafa marefu. Kwa mtu anayeshika maana hiyo, redio ya masafa mafupi ingekuwa redio isiyofika mbali, hali ndiyo inayofika mbali kuliko zote. Utata huu huondoka ikifahamika kwamba umbali unaotajwa si ule wa kutoka kituoni hadi kwa msikilizaji, bali ule wa kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele kinachofuata.

Lakini neno hilo hilo limekuja kutumiwa pia kwa idadi ya mawimbi yanayopita katika sekunde moja, kama isemwapo kwamba kituo fulani kipo katika masafa ya 9,700. Vipimo hivi viwili huenda kinyume. Ukigawanya 300,000 kwa idadi ya kilohezi hupata urefu wa wimbi kwa mita: kilohezi 9,700 ni takriban mita 31, na kilohezi 6,000 ni mita 50. Idadi ikiongezeka, urefu hupungua. Kwa hiyo msemaji anayetumia masafa kwa maana zote mbili atajikuta akisema kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa, na mwanafunzi hatajua ashike lipi.

Haielekei kwamba jina masafa mafupi laweza kuondolewa, kwa kuwa limekwisha kuzoewa na watangazaji na wasikilizaji. Lililo bora ni kuliacha kama jina, na katika maandishi ya kitaaluma kuitumia istilahi urefu wa wimbi kwa kipimo cha mita, na marudio kwa kipimo cha kilohezi. Hapo masafa yatabaki na maana yake ya asili, na istilahi hazitagongana.

5. Sikio na ushahidi wa lugha

Katika bendi za masafa mafupi vituo hupangwa kwa kupishana kilohezi 5, na sauti hukatwa kwa juu ili kituo kimoja kisivamie kingine. Sauti zinazozidi hezi 4,500 hivi kwa kawaida hazimfikii msikilizaji. Kwa vokali hasara ni ndogo, maana sifa zinazozitambulisha ziko chini ya mpaka huo. Kwa vikwamizi mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya nguvu ya /s/ iko juu ya mpaka, na ikikatwa, /s/ hukaribiana na /f/ na /th/. Hapo sikia na fikia, sumbua na fumbua, samani na thamani huanza kufanana. Na mikwaruzo ikizidi, msikilizaji huamua kwa muktadha, akiamini kwamba amesikia.

Kwa hiyo mtafiti akidai kwamba mtangazaji fulani alitamka thamani kama samani, na ushahidi wake ni kanda iliyorekodiwa kutoka masafa mafupi, dai hilo halina nguvu mpaka ionyeshwe kwamba mtangazaji huyo huyo, katika kanda hiyo hiyo, alizipambanua sauti hizo mahali pengine. Kinyume chake, kanda kama hiyo ni shahidi mwema wa uteuzi wa maneno, miundo ya sentensi, mkazo na kiimbo. Hayo hustahimili safari.

Hapa ndipo nidhamu ya mraibu inapomfaa mwanaisimu. Tarakimu zake tano humlazimisha kutenga kilichotamkwa na kilichotendwa na njia. Kanda isiyo na daftari hupoteza nusu ya thamani yake, kwa kuwa haisemi ni siku gani, ni kituo kipi, wala kasoro zake zilitoka wapi.

6. Hitimisho

Redio ya masafa mafupi imepungua sana. Redio ya Uholanzi iliacha mawimbi hayo mwaka 2012. Kituo cha Kigali kilichokuwa kikirusha matangazo ya Deutsche Welle kilifungwa mwaka 2015. Na mwezi wa Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalikatizwa. Vituo vingine vimehamia katika FM na intaneti, na mijini taa na vifaa vya kuchajia simu hutoa makelele yanayofunika vituo dhaifu vilivyobaki. Waliorekodi kanda na kuweka madaftari wanazeeka, na mengi hutupwa nyumba inapohamwa.

Idara za lugha zinazokusanya kanda hizo hazina budi kukusanya na madaftari yake, kuuliza mwenyewe alihesabu vipi saa na siku, na kuandika majibu kando ya kila kanda. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji kufanywa wakati mwenye daftari angali hai kujibu.