Mgeni wa Kamina na Misa ya Waluba

Asimamaye ufukoni Nchelenge, nchini Zambia, huwa ameielekea Katanga. Ziwa Mweru ndilo mpaka. Ng'ambo yake upo mji wa Kilwa, ambako Kiswahili husemwa sokoni na gatini. Mbali zaidi, upande wa magharibi, uko mji wa Kamina, unaojulikana na askari wengi kwa kambi kubwa iliyojengwa na Wabelgiji. Huko ndiko alikofika mwaka 1953 Padre Guido Haazen, mtawa Mfransisko aliyezaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1921.

Zama hizo misheni nyingi ziliwafundisha waumini nyimbo za Ulaya na kuiacha ngoma nje ya mlango wa kanisa. Padre Haazen alitenda kinyume. Aliwakusanya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15, akaunda kwaya. Kisha akafanya jambo lililo gumu kwa mwalimu: alinyamaza, akasikiliza.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini sauti zilitungwa na waimbaji papo kwa papo, kwa kufuata mapokeo ya wazee wao. Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Palipotajwa kusulubiwa kwa Kristo ililia ngoma ya kutangaza kifo. Misa hiyo iliimbwa Kamina tarehe 23 Machi 1958, na mwaka huohuo kwaya ikazuru Ulaya. Santuri yake ilienea mbali, hata Sanctus ikasikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo If.... ya mwaka 1968.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mwenyeji alipata haki yake? Santuri zilitaja jina la padre, aliyefariki mwaka 2004. Mwalimu Joachim Ngoi, mwimbaji kiongozi, hakumbukwi na wengi, na majina ya wavulana karibu yote yamesahaulika. Bila sikio la mgeni huenda misa hiyo isingalizaliwa. Bila makoo ya wenyeji isingalikuwako kabisa.

Basi kila nyumba yenye bibi aimbaye nyimbo za kale ina hazina. Watoto wafundishwe nyimbo hizo, na zinapoandikwa au kurekodiwa, jina la mwenye wimbo liandikwe kwanza.