Kabla hujauza randa ya babu kwa kilo, soma nyuma ya kisu

Wiki iliyopita jamaa wa chuma chakavu alipita hapa Lembeni na mzani wake wa kuning'iniza. Kaka akamtolea randa ya babu, imeshika kutu, mpini wa nyuma hauna. Nikamwambia subiri kwanza.

Jamani, umri wa randa umeandikwa kwenye randa yenyewe, ila wengi tunaangalia kisu tu. Kisu huisha kwa kunolewa, fundi anaweka kingine, kwa hiyo kinadanganya. Angalia mwili. Toa kisu, paka mafuta ya taa, sugua na kitambaa. Ya babu ina namba 4 kwenye pua, na nyuma ya kisu tarehe tatu, ya mwisho APR-19-10. Kaka akacheka, eti ya 2010!

Wapi! Ni 19 Aprili 1910, tarehe ya hataza, siyo siku randa ilipotengenezwa. Stanley ya Marekani iliweka tarehe hizo tatu kwenye randa za kama 1910 hadi 1918.

Nyingi nilizoziona kwa mafundi wa huku ni za Sheffield, Uingereza: Stanley au Record, ambayo ilianza kutoa randa hizi miaka ya 1930, Waingereza wakitawala Tanganyika. Anant ni ya India, umbo kama Record. Zile za mbao zenye pembe ya kushikia mbele ni mtindo wa Kijerumani. Wajerumani ndio waliojenga reli inayopita hapa, ikafika Moshi 1911, lakini usikimbilie kusema randa yako ilikuja nao, maana umbo hilo linatengenezwa hadi leo.

Je, ni mali? Tusidanganyane, namba 4 zilitoka nyingi mno. Adimu ni Stanley namba 1, ya inchi tano na nusu tu, iliyoachwa 1943. Hiyo huuzwa zaidi ya dola elfu moja, na ndiyo maana feki zipo.

Ila ukipata yoyote, usiipige msasa wala grinda! Kutu itatoka na maandishi pamoja na rangi ya zamani, na mkusanyaji hataigusa.

Kaka bado ananuna, anasema ningemwacha angepata vocha. Babu alisikiliza ubishi wote huo, akauliza kitu kimoja tu: mpini uko wapi? Tunamchongea mwingine wa mninga.