Matumizi Salama ya Vifaa vya Upepo katika Karakana za Vyama



Chama chenye trekta au lori hakiwezi kukwepa kazi za karakana. Barabara za mashambani Handeni hula matairi, na huko Korogwe vumbi na nyuzi za mkonge huziba mitambo. Kwa sababu hiyo kompresa, yaani mashine ya kushindilia upepo, imekuwa chombo cha kawaida cha kujazia matairi, kufungulia nati na kupulizia vumbi. Makala haya yanaeleza hatari zake na namna ya kuziepuka.

Watu huogopa moto na umeme, lakini upepo hawauogopi. Hata hivyo, tangi likiwa na paundi 120, kila inchi moja ya mraba ya ukuta wake husukumwa kwa uzito wa kilo 54, yaani zaidi ya nusu gunia la mahindi juu ya eneo dogo kuliko kiberiti. Nguvu hiyo hukaa kimya hadi ipate mahali pa kutokea.

Kwanza, upepo usielekezwe mwilini. Desturi ya mafundi kujipuliza vumbi nguoni jioni ikomeshwe. Upepo huo waweza kutoboa ngoma ya sikio, kurusha chembe ya chuma jichoni, au kupenya kwenye kidonda na kuingia katika damu. Mzaha wa kumpuliza mwenzako sehemu za nyuma huweza kupasua matumbo na kuua. Vumbi la nguo liondolewe kwa brashi. Mashine zikipulizwa, upepo usizidi paundi 30, na fundi avae miwani ya kukinga macho.

Pili, tairi za lori zenye ringi ya kufungia zahitaji uangalifu mkubwa. Ringi iliyopinda au kuliwa na kutu yaweza kuruka wakati wa kujaza na kumuua aliye mbele yake. Kabla ya kulifungua gurudumu, toeni upepo wote kwa kung'oa sindano ya valvu. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, na fundi asimame pembeni. Ringi isigongwe nyundo tairi likiwa na upepo.

Tatu, mipira ya upepo ifungwe kwa klipu imara, wala si kwa waya. Kabla ya kubadili kifaa, fungeni upepo na kutoa uliobaki ndani ya mpira. Mashine ya kufungulia nati itumie soketi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Soketi za mkono huweza kupasuka.

Nne, tangi lenyewe. Upepo ukishindiliwa, unyevu wake hugeuka maji na kutuama chini ya tangi, ukila chuma kwa ndani ambako jicho halifiki. Maji hayo yatolewe kila siku. Tangi lililotoboka lisichomelewe na fundi wa mtaani, na valvu ya usalama isikazwe wala kuzibwa ili kupata upepo zaidi, kwa maana ndiyo inayozuia tangi lisipasuke.

Mambo haya si ya fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awape wafanyakazi mahali salama pa kazi na vifaa vya kujikinga, na chama kinapoajiri fundi huwa mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nayo humtaka mwajiri kuchangia Mfuko wa Fidia kwa ajili ya wanaoumia kazini.

Kwa hiyo inafaa kila Katibu afungue daftari la kompresa: tarehe ya kutoa maji, hali ya geji, valvu na mipira, pamoja na sahihi ya fundi. Bodi ipitishe fedha za miwani na kizimba katika makisio ya mwaka. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kumlea mwanachama aliyepoteza macho.