Huduma za Data za REST: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutengenezewa Programu

Vituo vingi vya afya vya kanisa hutunza kumbukumbu zake kwenye kompyuta, na vilevile hutakiwa kutoa taarifa za kila mwezi kupitia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2. Pale ambapo programu hizi mbili haziwasiliani, muuguzi hulazimika kuandika takwimu zilezile mara mbili. Makala hii inaeleza kwa ufupi njia ya kuwezesha programu kupeana data zenyewe, iitwayo REST.

REST ni nini?

Ni mtindo wa kujenga huduma za mtandao ulioelezwa na Roy Fielding mwaka 2000 katika tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha California, Irvine. Kila kitu kinachotunzwa, kama vile kituo au ripoti, hupewa anwani yake. Programu inayokihitaji hutuma ombi kwenye anwani hiyo kwa amri za HTTP: GET kusoma, POST kuongeza kumbukumbu mpya, PUT kuweka au kubadilisha kilichopo, na DELETE kufuta. Seva hujibu kwa namba: 200 ombi limefaulu, 201 kumbukumbu mpya imeundwa, 401 mwombaji hajatambuliwa, 404 hakuna kitu kwenye anwani hiyo. DHIS2, ambayo uendelezaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ina huduma ya namna hii.

Mtandao ukikatika

Tuchukue mfano. Kituo kimetuma ripoti kwamba watoto 40 wamechanjwa surua mwezi Machi, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Programu haijui kama ripoti ilifika, hivyo inaituma tena. Ikitumia POST, seva inaweza kuunda ripoti ya pili, na watoto 40 wakahesabiwa 80. Wilaya itaamini kuwa chanjo imewafikia watoto wengi kuliko ukweli, na wale waliokosa hawatatafutwa. Lakini ripoti ikiwa na anwani yake, mfano /vituo/12/surua/2024-03, na ikatumwa kwa PUT, hata ikirudiwa mara tano itabaki moja.

Maswali ya kumuuliza mtaalamu

Kabla ya kusaini mkataba, uongozi wa kituo uulize yafuatayo:

1. Ombi likirudiwa, je, data zitajirudia?
2. Je, mawasiliano yote yanapita kwenye HTTPS?
3. Je, jina la mgonjwa linaonekana kwenye anwani? Lisionekane, kwa sababu anwani huhifadhiwa kwenye kumbukumbu za seva, ambako mafundi huzisoma.
4. Je, tutapewa maelezo ya maandishi ya anwani zote, ili mtaalamu mwingine aweze kuendeleza kazi?

Kuuliza maswali haya ni sehemu ya uwakili mwema. Fedha za programu ni sadaka za watu, na siri za wagonjwa tumekabidhiwa tuzitunze.