Kutunga Wimbo Kati ya Nyamhongolo na Bukoba

Kijana mmoja wa hapa Nyakato, Mwanza, mtengenezaji wa biti anayeishi karibu na Buzuruga, alinivizia nje ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, hujambo?" Hakuwa na muda wa hujambo. Alikuwa amepata laptopu, kaka yake amemwita Bukoba amsaidie dukani, atakuwa wa kwenda na kurudi, na alitaka jibu moja tu: programu ipi ya muziki ni nzuri kuliko zote?

Nilimrudishia maswali mawili. Laptopu ina nini ndani, na utakuwa unatungia wapi? La kwanza alilijibu bila kupumua: RAM ya GB 4, diski ya kawaida ya kuzunguka, mtumba wa Ulaya. La pili lilimkwamisha kidogo, kisha akasema, "Popote tu, mwalimu."

Hapo kwenye "popote tu" ndipo penye kazi. Programu hizi husifiwa zikiwa mezani. Anayezisifu amekaa kwenye chumba chenye umeme, intaneti isiyokatika na spika mbili zinazomtazama usoni. Safari huviondoa vitu hivyo kimoja baada ya kingine. Meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu hung'oa nanga Mwanza usiku na kufika Bukoba asubuhi. Katikati ya maji mtandao wa simu si wa kutegemea, na soketi ya umeme ni ya aliyewahi. Basi la Dar es Salaam, likitoka stendi ya Nyamhongolo, lina zaidi ya kilomita 1,100 za kumaliza, na filamu ya Kibongo inapiga kelele juu ya kichwa chako tangu Shinyanga. Ukiwa humo, yanabaki maswali mawili. Je, programu itafungua kazi yangu bila kwenda kuomba ruhusa kwa mtu? Na siku nikitaka kuhama, itanirudishia kazi hiyo kwa umbo ambalo programu nyingine inaweza kulisoma?

Kwanza tutenganishe kazi, maana watu huzichanganya. Kutunga ni kutafuta sauti, maneno, mapigo na mpangilio wa ala. Kurekodi ni kuingiza sauti ya mtu. Kumiksi ni kupima kila kimoja kikae mahali pake. Ndani ya basi kumiksi hakufai: mvumo wa injini hufunika sauti za chini, wewe unazidi kupandisha besi ili uisikie, na ukifika nyumbani unakuta besi imeumeza wimbo mzima. Kurekodi hakuhitaji hata maelezo. Inabaki kutunga, na kutunga hakudai mashine kubwa.

Tena hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukitunga kwa midi, kompyuta haihifadhi sauti. Inahifadhi maagizo ya noti gani ibonyezwe, lini, kwa nguvu gani, iachwe lini. Wimbo mzima wa namna hiyo huwa ni kilobaiti kadhaa. Rekodi ya sauti ni habari nyingine. Chukua kiwango cha kawaida cha studio, vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 24 (si biti zile za kijana wangu): sauti moja inakula takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 10 unafika MB 345. Mtumie hizo mwenzako ukiwa bandari ya Kemondo, uone bando linavyoyeyuka. Faili ya midi unaituma kwa data inayotosha ujumbe wa salamu.

Muda nao umebadilika. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilikuwa inanipa saa nzima au zaidi ya kukaa chini ya mti na ubeti mmoja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za maji zinaisha kabla laptopu yangu haijamaliza kuwaka. Sililalamikii daraja, ila limenifundisha kupima programu kwa kitu ambacho sikuwa nakipima: inafunguka kwa muda gani? Programu inayochukua dakika tatu kupakia ala zake ni ya mezani. Wazo la wimbo halisubiri hivyo.

Sasa tuje kwenye ruhusa, maana hapo ndipo wasafiri wengi wanapoumia. Kuna programu zinazodai intaneti mara moja tu, siku ya kuzisajili, kisha zinakuacha. Kuna nyingine unazilipia kwa mwezi, na hizo hutaka kuhakiki mara kwa mara kama bado umelipa. Kulikuwa pia na za ufunguo: Cubase, kwa miaka mingi, ilihitaji kidude cha USB kilichochomekwa muda wote, mpaka toleo la 12 la mwaka 2022 lilipoachana nacho. Fikiria kidude chenye ukubwa wa ukucha, chenye thamani ya programu nzima, kimedondoka chini ya kiti cha basi.

Na ziko zilizokrekiwa. Sitajifanya mtakatifu. Miaka kadhaa iliyopita nilinakiliwa programu kubwa kwenye flashi, katika duka moja la stationery, pamoja na agizo kwamba nizime kwanza kinga ya virusi. Nikazima. Ilinitumikia miezi mitatu, kisha jioni moja nikiwa Bukoba, kesho yake nina mazoezi na kwaya ya watu, ikagoma kufunguka. Nilipochomeka flashi niokoe faili, folda zote zilikuwa zimegeuka vishale vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Usiku ule niliandika upya nyimbo mbili kwa kalamu, kwa solfa, nikiwa sikumbuki alto ya ubeti wa pili. Na sikuwa na mtu wa kumlalamikia; programu haikuwa yangu.

Tukirudi kwa kijana, alikuwa tayari na jina mdomoni: FL Studio. Si ajabu. Ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na biti nyingi sana za Bongo Fleva zimepikwa humo. Ina sifa mbili zinazomfaa msafiri. Ukishainunua unapata matoleo mapya bila kulipa tena, na ukishaisajili inafanya kazi bila intaneti. Ya tatu hamna anayeiandika kwenye sanduku: ukikwama, Mwanza au Bukoba, hutakosa kijana wa kukuonyesha. Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko vitufe vyote.

Lakini ina mtego ambao ni lazima uujue kabla ya kupanda meli. Toleo lake la majaribio ni la bure na lina kila kitu, linakubali hata kuhifadhi kazi. Ila ukishaifunga kazi hiyo, hutaweza kuifungua tena mpaka ununue. Kampuni yenyewe imelisema wazi, halijafichwa. Kwa mtu wa mezani ni usumbufu. Kwa mtu ambaye betri yake itazimika Kemondo, ni sawa na kuandika kwenye mchanga. Ukilitumia, toa wimbo kama faili ya sauti kabla ya kufunga, na uikubali kama kumbukumbu tu.

Niliyompendekezea ni Reaper. Iliandikwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, ile ya kusikilizia muziki ambayo kizazi changu kiliikuta kwenye kila kompyuta ya intaneti kafe. Ni ndogo mno, MB zisizofika hata mia kuipakua, na inafunguka kwa sekunde chache hata kwenye mashine ya GB 4. Unapewa siku 60 za kuijaribu bila kukatwa kitu, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60, ambazo unaweza kuzilipa kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Zaidi ya hayo inakubali kusakinishwa kwenye flashi yenyewe, na mipangilio yako yote ndani. Laptopu ikifa Bukoba, unachomeka flashi kwenye ya kaka na unaendelea ulipoishia.

Ubaya wake? Inakuja karibu bila ala. Hakuna kinanda cha maana wala ngoma; inabidi utafute za bure na kuziweka kabla ya safari, ukiwa bado na intaneti. Na sura yake haivutii. Kijana aliiangalia kama mtu aliyeahidiwa wali akaletewa ugali.

Nyingine nizipitie kwa haraka. LMMS ni ya bure kabisa na inafanana na FL Studio, ila matoleo yake ya kawaida hayarekodi sauti. GarageBand ni nzuri na ni bure, kwa mwenye kompyuta ya Apple. BandLab ya kwenye kivinjari inataka intaneti, basi, ibaki nyumbani. Ableton Live naipenda, lakini kwa bei yake na kwa mashine ya GB 4, sina la kuongeza.

Jambo moja halimo kwenye tangazo la programu yoyote, na kwa sisi wa huku ni kubwa. Fungua FL Studio uanze kupanga ngoma: utakuta safu ya visanduku 16, vimegawanywa vinne vinne. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki zinakwenda kwa tatu tatu, mapigo 6 au 12 kwenye mzunguko. Ukizilazimisha kwenye visanduku 16 zinachechemea, na msikilizaji wa Kisesa atajua kabla hujamaliza ubeti. Kwa hiyo badili mgawanyo kabla ya kuweka pigo la kwanza, na uhifadhi mpangilio huo kama kiolezo. Kuna pia suala la mwendo. Ukirekodi wachezaji Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, ngoma haiendi kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Inapanda wachezaji wanapopanda. Reaper inakuruhusu kuchora ramani ya mwendo, mistari ya programu ikaifuata ngoma. Wengi hufanya kinyume: wanaikatakata ngoma iifuate mistari, kisha wanashangaa kwa nini imekufa.

Kuhusu vifaa nitasema mawili. Hedifoni ziwe za waya. Za bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kusikiliza haidhuru, kwa kupiga kinanda unajikuta unajifukuza mwenyewe. La pili ni diski. Diski ya kuzunguka ina sindano inayoelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, nawe unaiwasha juu ya matuta ya barabara ya Musoma. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, acha programu, nunua SSD.

Kijana aliondoka na Reaper ya siku 60, ala za bure ambazo tuliziweka pamoja, na mpango wa kuweka akiba ya FL Studio kidogo kidogo. Biti zake anazihifadhi mara mbili: faili ya programu, na pembeni yake faili ya midi, ambayo FL Studio itaisoma siku hiyo ikifika.

Wenzangu watunzi wa kwaya, kwetu safari ni nyepesi zaidi, maana nota ni maandishi. MuseScore ni ya bure, haihitaji usajili, na unaandika kwa herufi na namba za kibodi bila kubeba kinanda: unabonyeza 5 kupata noti ya pigo moja, kisha A hadi G. Solfa unaichapa kama mstari wa maneno chini ya nota. Toleo la 4 la Desemba 2022 lina sauti tamu sana, lakini sauti hizo ni gigabaiti za kupakua na zinailemea mashine ndogo. Mimi bado natumia la 3 na sijutii.

Ila wengi wetu tulilelewa na programu nyingine ya nota, Finale. Agosti 2024 kampuni yake, MakeMusic, ilitangaza kuacha kuiendeleza baada ya miaka 35. Tangazo la kwanza lilisema kwamba baada ya mwaka mmoja haitawezekana tena kuisajili kwenye kompyuta mpya. Watumiaji wakapiga kelele, kauli ikabadilishwa. Mimi sitategemea kauli. Faili za Finale hazifunguki zenyewe kwenye MuseScore 3 ninayoitumia. Zinapaswa kutolewa kwanza kwa MusicXML, umbo ambalo karibu kila programu ya nota inalisoma, na wa kuzitoa ni Finale yenyewe. Kama una misa na zaburi za miaka kumi ndani ya laptopu moja iliyochoka, keti nayo Jumamosi hii, fungua wimbo mmoja baada ya mwingine, utoe kila mmoja kwa MusicXML, na uweke nakala kwenye flashi mbili. Moja mwachie katibu wa kwaya.